Mafundi na wauzaji, angalieni kwanza kiti cha telekomande kabla ya kusema batri imekufa

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua, juu kuna jambo linasumbua watu wengi hapa Lubumbashi na sijaona mtu analiandika. Ni hizi telekomande za kuendesha vyombo vyote vya nyumba, zile zenye kioo na batri ya ndani, zinazolala kwenye kiti chake cha kuchajia. Ikianza tu kugoma ukaipeleka kwa fundi, jibu ni lile lile, batri imekufa, leta dola tukutafutie ingine. Mtu anatoa, batri inakuja, inafanya kidogo, halafu telekomande inazimika tena na sasa fundi anasema basi ni telekomande yenyewe, tupa. Mimi nasema hapana. Mara nyingi batri haina maneno, telekomande haina maneno, ugonjwa uko kwenye kile kiti, na hakuna mtu aliyekigeuza akakiangalia chini.

Kuna watu watasema hii ni shida ya matajiri. Si kweli. Kwetu Katuba mama yangu magoti yanamuuma sana, hawezi kuinuka kila mara aende kuwasha televizio, arudi, aende tena kwenye dekoda, arudi, aende kupandisha sauti ya bafle. Telekomande moja inamtosha, anabonyeza sehemu moja na vyote vinawaka, anasikiliza habari zake na misa yake ya Jumapili. Siku imezimika anakaa kimya anangojea wajukuu watoke masomo ili wamuwashie. Mtu mzima kukaa anangojea mtoto kwa jambo ambalo angefanya mwenyewe kwa kidole, hiyo inaumiza, nimeiona. Tena si vyombo vya jana, Steve Wozniak, yule mmoja wa walioanzisha Apple, aliuza telekomande ya kujifunza ishara za telekomande zingine tangu mwaka 1987, ikiitwa CORE. Kwetu zinafika zikiwa zimetumika tayari, kwenye kontena, kwenye valizi ya ndugu anayetoka Ubelgiji au Marekani, au zimepita Kasumbalesa, mpakani na Zambia, pamoja na bidhaa zingine, na karibu kila mara zinafika zimeshaachana na chaja yake. Hapo njo shida inaanzia.

Kwanza alama, juu ukizijua utaokoa feza yako. Ukiweka telekomande kwenye kiti, kioo kinawaka, kinazima, kinawaka tena chenyewe pasipo mtu kuigusa, usiku mzima hivyo, na asubuhi unaikuta imechoka kuliko vile uliilaza, hiyo ni kiti. Chaji inashika ukiikandamiza kwa mkono au ukiilaza upande kidogo, ukiachilia inakatika, hiyo pia ni kiti. Taa ya kiti haiwaki kabisa, angalia chaja na waya kabla ya kitu kingine. Lakini kama inashika vizuri, inajaa mpaka mwisho, halafu ukiitumia muda kidogo inakauka, hapo ndiyo unaweza kusema batri imezeeka. Ni tofauti kubwa sana hiyo na fundi hahitaji chombo chochote kuijua, anahitaji tu kukuuliza, na wengi hawaulizi.

Kile kiti chenyewe si kitu cha maajabu. Umeme unatoka kwenye prizi, unaingia kwenye chaja, unashushwa, unapita kwenye waya mpaka ndani ya kiti, na pale katikati kuna visumari viwili au zaidi vinavyosimama juu ya springi. Chini ya telekomande kuna vibati vya chuma vinavyolingana na vile visumari. Ukiilaza, vinagusana, umeme unaingia. Basi. Kila kitu kinategemea mguso wa sehemu ndogo kuliko punje ya muhindi, na hiyo sehemu iko wazi juu, mchana na usiku, kwenye nyumba zetu.

Na nyumba zetu tunazijua. Kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa hakuna mvua, vumbi nyekundu inaingia hata madirisha yakifungwa, moshi wa makala unatoka jikoni, mkono uliotoka kwenye bukari na samaki unashika telekomande pasipo kunawa vizuri, mafuta yanabaki kwenye vibati na vumbi inakuja kulala juu ya mafuta. Mvua zikianza unyevu unaingia, chuma kinaanza kufanya kutu, ile ya kijani kidogo au nyeusi. Macho hayaoni kitu lakini umeme unaona. Volti ni ndogo, ngozi nyembamba ya uchafu inatosha kuukatiza.

Niliona kazi ya kijana mmoja ambaye meza yake iko chini ya parasoli karibu na soko ya Kenya, ile komini ya hapa hapa Lubumbashi, na ningependa mafundi wote wangemuona. Hakufungua telekomande. Alitoa kwanza chaja kwenye prizi, akageuza kiti juu chini, akakigonga polepole kwenye kiganja, vumbi na vipande vya mkate vikaanguka. Akaweka kichwa chake sawa na kiti, jicho moja limefungwa, akaangalia vile visumari kutoka ubavuni, akanionyesha, kimoja kilikuwa kimesimama, kingine kimezama nusu. Akaniambia, « Yaya, batri haina maneno, ni haka kamoja kalilala. » Akatia tone la alkoli kwenye tundu, akakikandamiza na kuachia kwa kijiti cha meno, tena na tena, mpaka kikaanza kupanda chenyewe. Halafu pamba kwenye alkoli, akasugua vibati vya chini ya telekomande, pamba ikatoka nyeusi kama imefuta sufuria. Akangoja ikauke. Akailaza, taa ikawaka pasipo mkono wa mtu. Aliomba franka kidogo tu, na nilimuongezea kwa moyo wote kwani angeweza kuniuzia batri na hakufanya.

Kwa hiyo yeyote aliye na shida hii aanze hapo, nyumbani kwake, kabla ya kupanda bisi. Chomoa chaja. Kama batri inatoka, itoe. Alkoli ya farmasi inafaa, ile ya asilimia 90 ni bora, ya 70 pia inafanya ila ina maji zaidi, ingoje ikauke vizuri kabla ya kurudisha umeme. Usitumie maji ya sabuni. Kama kibati kina doa linalokataa, raba ya kufutia penseli ya mtoto inaliondoa polepole. Lakini tafadhali, papier de verre, ile karatasi ya msasa, hapana, kisu hapana, na hilo nalisema kwa nguvu juu nimeona mafundi wanafanya kila siku. Vile vibati mara nyingi vimepakwa ngozi nyembamba ya nikeli au dhahabu ili visishike kutu, ukisugua na papier de verre unaitoa ile ngozi, kwa muda utaona kinang'aa na mteja anafurahi, halafu kutu inarudi mbio kuliko mwanzo na sasa hakuna cha kuizuia. Kama kiti chako hakina visumari vya springi bali vile vya bati vilivyokunjwa, vinaweza kulala kwa kukandamizwa miaka, vinanyanyuliwa kidogo sana kwa sindano, kiti kikiwa kimechomolewa, maana sindano ikigusa pande mbili umeme ukiwepo unaweza kuua chaja.

Sasa nije kwenye chaja, na hapa njo nakasirika. Ukipita sokoni utaona rundo la chaja zimefungwa na raba, za radio, za modemu, za simu, za toi za watoto, unamuonyesha muuzaji kiti chako, anachukua moja, anajaribu kichwa, kikiingia anasema iko sawa, lete feza. Kuingia si kuwa sawa! Kuna mambo kadhaa yameandikwa pale pale kwenye mwili wa chaja kwa herufi ndogo na mtu yeyote anayejua kusoma namba anaweza kuyasoma, tochi ya simu inasaidia.

Pale wanapoandika INPUT, ni umeme unaoingia. Huku kwetu prizi inatoa volti 220. Chaja iliyoandikwa 100-240V haina shida. Ile iliyotoka Marekani imeandikwa 120V peke yake, hasa zile nzito zenye transfo ya kushusha umeme ndani, ukiichomeka moja kwa moja kwenye prizi yetu inachemka, inanuka, inakufa, na ikiwa na bahati mbaya inaua na kiti. Ndugu zetu wanaotuletea vitu toka kule wanatuletea kwa upendo, wanapaswa kuambiwa hili.

Pale wanapoandika OUTPUT, ni umeme unaotoka, na hapo volti lazima ilingane na ile iliyoandikwa chini ya kiti. Kiti cha volti 5 ukikipa 12 unachoma mashine ya ndani. Kiti cha volti 9 ukikipa 5, hapo ndiyo kuna hatari ya aina ingine, maana taa inaweza kuwaka vizuri kabisa na telekomande isichaji, na wewe utakaa unalaumu batri wiki nzima. Ampea ikiwa kubwa kuliko ile kiti inaomba hakuna ubaya, kiti kitachukua kiasi chake, ikiwa ndogo chaja inachemka na chaji haiendi. Angalia tena alama karibu na volti: mstari ulionyooka wenye vinukta chini yake ni umeme wa upande mmoja, ule mstari wa kujikunja kama wimbi ni umeme wa kubadilika-badilika, na kuna chaja zinazotoa huo wa wimbi, ukiupeleka kwenye kiti kinachotaka ule mwingine umekiharibu.

Halafu kuna kamchoro ka miviringo mitatu, mmoja una alama ya kujumlisha, mwingine una ya kutoa, katikati kuna kaduara kenye nukta. Kanakuambia katikati ya kichwa ni pozitifu au negatifu. Kamchoro ka chaja na kamchoro ka kiti lazima vifanane. Hapa watu wengi wanaumia, juu wakipata chaja ambayo kichwa hakiingii wanakata waya na kuunganisha kichwa kingine, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, lakini rangi za waya hazifuati sheria moja kwa kila mtengenezaji, lazima upime. Na vichwa vyenyewe vinafanana kwa nje na havifanani ndani: kuna vya milimita 5.5 nje vyenye tundu la 2.1, na vingine 5.5 hiyo hiyo vyenye tundu la 2.5. Hiki cha 2.5 kinaingia kwenye kiti cha 2.1 pasipo shida, ila kinacheza ndani, kinagusa na kuachia, unasogeza waya inawaka, unaacha inazima. Muuzaji ameshasema iko sawa na ameshakula feza.

Kama una multimeta, kile chombo cha kupima umeme, au jirani anayo, pima. Iweke kwenye umeme wa upande mmoja, chomeka chaja, gusa kichwa cha chaja kwanza, ukipata volti zilizoandikwa au zaidi kidogo chaja ni nzima. Halafu gusa visumari vya kiti, kwa uangalifu ncha mbili zisigusane. Chaja ina umeme na visumari havina, basi umekatika katikati, mara nyingi pale shingoni ambapo waya unaingia kwenye kiti juu unakunjwa kila siku, au pale ndani ambapo tundu limelehemiwa, lehemu inapasuka kwa kuvutwa, fundi mwenye pasi ya kulehemu anaimaliza kwa dakika. Jambo moja tu la kujihadhari, kuna viti vyenye akili kidogo ambavyo havitoi umeme kwenye visumari mpaka visikie telekomande imelala juu, kwa hiyo ukipata sifuri usikimbie kusema kimekufa, jaribu na telekomande yenyewe, sikiliza, angalia taa.

Na batri, kweli zinakufa, sisemi hazifi. Zile za lithiamu kawaida ni volti 3.7 na zikijaa zinafika 4.2. Ukiitoa ukaipima ukakuta karibu na 4 baada ya kukaa kwenye chaji, chaji inaingia, haijafa kabisa hiyo, mtu asikudanganye, ila kama inakauka upesi ukiitumia ni ile ya kuzeeka niliyosema. Ikiwa chini ya 2.5 imelala sana, inaweza kukataa kuamka, wala usijaribu kuiamsha kwa kuipiga umeme wa chaja ingine moja kwa moja kama wengine wanavyofanya. Angalia pia kama imevimba. Batri iliyovimba inasukuma mgongo wa telekomande, telekomande haikai tena sawa kwenye kiti, visumari havifiki, na hapo utaona alama zote za kiti kibovu wakati shida ni ile tumbo. Iliyovimba isitobolewe, isikandamizwe, na wamama wenzangu nawaomba, isitupwe kwenye mbabula wala kwenye moto wa takataka uwanjani, inalipuka na moshi wake ni sumu, watoto wako pale. Lingine, batri nyingi za telekomande hizi zina miguso mitatu, ule wa tatu ni wa kupima joto au kutambulisha batri, ndiyo maana fundi akikuwekea batri ya simu ya zamani kwa kuunganisha waya mbili tu telekomande inaweza kukataa kuchaji kabisa.

Kuna suala la umeme wetu wenyewe. Unakatika, unarudi, na unaporudi unaweza kuja na nguvu nyingi mara moja. Kiti cha telekomande kinakaa kwenye prizi siku zote na watu wanachomoa friji na televizio wanasahau hako. Umeme ukikatika kichomoe, ukirudi ngojea kidogo utulie ndiyo urudishe, au kiweke nyuma ya stabilizatere, kile chombo cha kutuliza umeme, pamoja na televizio. Kuchomoa hakugharimu kitu.

Ukitaka kujua kama telekomande yenyewe bado inatuma ishara, washa kamera ya simu, ielekeze kwenye kichwa cha telekomande, bonyeza. Mwanga ambao macho hayauoni utaonekana kwenye kioo cha simu, mweupe au wa zambarau. Kamera ya nyuma ikikataa jaribu ya mbele, juu kuna simu ambazo ya nyuma imewekewa kichujio.

Sasa ombi langu. Mwaka 2021 kampuni ya Logitech ilitangaza kwamba inaacha kutengeneza telekomande zake za Harmony, ambazo zilijulikana sana duniani katika aina hii. Ya kwetu nyumbani si ya kampuni hiyo lakini hali inafanana, viti vipya havipatikani kwa urahisi, kwa hiyo kila kiti kinachotupwa kwenye takataka za Lubumbashi kwa sababu ya kisumari kimoja kilicholala ni kiti ambacho hakirudi, na telekomande yake inamfuata. Wauzaji wa vitu vya mitumba nawaomba, msitenganishe kiti na chaja yake tangu kwenye kontena, vifungeni pamoja kwa raba hiyo hiyo mnayofungia rundo, na mteja akija chomekeni mbele ya macho yake, mlaze telekomande, muiache pale mpaka mwone inachaji kweli. Mafundi, mkisema batri imekufa muonyeshe namba kwenye multimeta, mteja aione mwenyewe, hata kama hajasoma sana namba anaijua. Wapo wanaofanya kazi safi, yule wa parasoli ni mmoja, na hao ndio wanaopaswa kupata wateja.

Na wewe Bwana Mhariri, kama nafasi iko, chapa pamoja na barua hii kale kamchoro ka miviringo mitatu, kwa aina zote mbili, pozitifu katikati na negatifu katikati, mtu akate akaweke mfukoni anapoenda sokoni kununua chaja. Kanaingia hata kwenye kona ya ukurasa.

Ni mimi msomaji wenu,
Katuba, Lubumbashi